Waziri Apokea Pumzi ya Watu wa Chini

Asubuhi ile Sikudhani alikuwa anapiga pasi sketi ya shule huku mdomo unanong'ona ngonjera. Pasi yenyewe ya mkaa. Kila akifika kwenye neno "kukumbatiwa" cheche inaruka, anaizima kwa kidole, anaanza upya. Mama yake yuko nje anakoroga uji wa mtama, na anaukoroga kama vile uji ndio uliomkosea. Dirishani kulikuwa na pampu ya pumu, ile ndogo ya bluu ya kuvuta mdomoni. Ya kaka yake, Kibwana.

Kibwana mwenyewe hakuwepo. Polisi walimchukua juzi jioni akiwa amekaa kibarazani kwao, anakula muhogo. Kosa lake: uzururaji. Alipouliza mtu anazururaje akiwa amekaa nyumbani kwao, akaongezewa kosa la pili, la kuuliza. Alirushwa kwenye difenda na muhogo mdomoni. Pampu ikabaki dirishani.

"Ukimaliza tunapitia kituoni," Mama alisema. "Tunampa pampu yake, anywe uji, halafu wewe uende kwenye hiyo ngonjera ya sherehe yao."

"Mama, mi sitaki kusoma ngonjera."

"Mimi nimetaka nini katika nchi hii nikapata?"

Sasa hii nchi. Ni nchi nzuri sana, kila mtu anasema hivyo, na asiyesema hivyo hasemi tena. Ina makabila ya kila namna, wanaishi kama chungu kimoja, ila kuna wanaopakua na kuna wanaokwangua ukoko. Kuna Watu wa Juu, wanaokaa mlimani kwenye upepo. Kuna Watu wa Kati, wanaokaa katikati na shingo zao zimepinda kwa kuangalia juu. Kuna Watu wa Ng'ambo, ambao babu za babu zao walizaliwa hapohapo lakini mpaka leo wanaulizwa watarudi lini. Halafu kuna Watu wa Chini, wa bondeni, ambako maji machafu ya wote wengine yanakuja kupumzika. Akina Sikudhani ni wa huko.

Kwa miaka mingi polisi wa nchi hii walikuwa na kazi rahisi. Kikiibwa kitu Juu, wanashuka Chini. Kikiibwa Kati, wanashuka Chini. Kisipoibwa kitu wanashuka pia, wasije wakasahau njia. Mpaka siku moja wakaja wafadhili kutoka nchi za baridi, wakachungulia mahabusu, wakaona Watu wa Chini watupu, wamepangwa kama dagaa, na Mtu wa Ng'ambo mmoja pembeni. Wakauliza, "Usawa uko wapi?"

Serikali ikashtuka. Ni serikali sikivu, ikisikia wafadhili. Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Dakta Tarumbeta, udaktari aliopewa na chuo alichokizindua mwenyewe, alilia kwenye televisheni mpaka miwani ikaingia ukungu. "Ndugu wananchi," akasema, "haiwezekani kabila moja lihodhi mahabusu peke yake. Huo ni uchoyo. Rasilimali za taifa ni za wote."

Ikaitishwa semina ya kujenga imani kati ya jeshi la polisi na jamii mbalimbali. Semina ilifanyika kwenye hoteli moja huko Juu, na wadau wote walialikwa. Watu wa Chini hawakufika kwa sababu getini walikamatwa kwa kuonekana karibu na hoteli. Lakini hawakusahaulika. Waliwekewa kiti kitupu chenye kibao, WATU WA CHINI. Kile kiti kilihudhuria semina nzima, hakikusinzia, hakikuuliza swali, na mwisho kikapewa cheti cha mshiriki bora.

Kwenye semina ndiko ulikozaliwa Mpango Mkakati wa Imani. Polisi walifundishwa adabu mpya. Zamani walikuwa wanavunja mlango bila hodi. Sasa wanavunja, halafu wanapiga hodi. Zamani wanapiga mtu kimyakimya. Sasa kila kirungu kinaambatana na neno "pole" kwa lugha ya kabila la mpigwaji, na mpigwaji akishindwa kuitikia vizuri wanarudia mpaka matamshi yakae sawa.

Lakini moyo wa mpango ulikuwa skafu. Kila mahabusu avalishwe skafu ya kabila lake: zambarau Juu, kijani Kati, nyeupe Ng'ambo, njano Chini. Na kila kituo kiwe na rangi zote kwa usawa. Mfadhili akichungulia aone bustani.

Tatizo likawa zambarau. Polisi walipanda Juu kwenda kukamata sehemu yao ya haki, wakakuta mageti. Wakagonga kwa heshima. Wakaambiwa bwana anaoga. Nyumba ya pili bwana anaoga. Watu wa Juu wote siku ile walikuwa wanaoga. Polisi wakapewa juisi ya ukwaju kwenye trei, wakashukuru, wakashuka na skafu zao za zambarau mkononi. Na wafadhili wanarudi kwenye sherehe ya kuonyeshwa huo usawa. Sasa wangefanyaje, maskini?

Kituoni, kaunta ilikuwa imepakwa rangi mpya na imeandikwa KARIBU JISIKIE UKO KWENU. Nyuma yake amekaa Sajenti Mbaruti, shati limemkaba shingo. Mama akashusha pumzi kidogo, maana Mbaruti ni mtoto wa mtaani kwao, mwana wa Bi Kidawa, nyumba ya tatu kutoka kisimani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nimekuja kumwona Kibwana. Nimemletea uji na dawa yake ya pumu."

Mbaruti akageuka akaangalia mahabusu, akageuka tena. "Kibwana wa kabila gani?"

Mama akacheka. Alidhani ni utani. "Mbaruti, we mtoto. Kibwana si ndiye mliyekuwa mnaiba naye mapera kwa Mzee Shomvi?"

"Hapa kazini sina utoto, mama. Nimekuuliza kabila."

"Mtu wa Chini, atakuwa nani mwingine?"

"Basi hatunaye. Nafasi za Chini zimejaa tangu juzi mchana. Tungemwingiza jioni, tungevunja usawa." Akasogea, akapunguza sauti kama mtu anayetoa siri ya neema. "Tunaye Kibwana mmoja, ila huyo ni Mtu wa Juu. Ana skafu ya zambarau."

Nzi akatua kwenye kifuniko cha uji.

"Umemvalisha wewe hiyo skafu?" Mama akauliza.

"Mimi natekeleza maagizo."

"Haya, basi. Awe wa Juu, awe wa mbinguni. Mpe mwanangu dawa."

"Mwanao?" Mbaruti akatoa macho. "Mama, wewe ni Mtu wa Juu?"

"Mimi?"

"Basi atakuwaje mwanao? Mtu wa Chini hawezi kuzaa Mtu wa Juu, hata biolojia inakataa. Kumtoa, kumwona, kumpa kitu chochote, inabidi aje mzazi wake wa Juu. Wakija hata sasa hivi tunamwachia. Sisi hatuna roho mbaya."

Ndipo sauti ikatoka huko nyuma, kwenye giza la mahabusu. Nyembamba, ina mluzi ndani yake. "Mama! Mama, ni mimi!"

Mama akapiga kaunta kwa viganja vyote viwili. "Huyo hapo! Unamsikia? Kifua kimeshaanza kumbana!"

"Anamwita mama yake wa Juu," Mbaruti akasema, lakini hakuangalia alikokuwa anaangalia Mama. "Maskini. Wale wazazi wa Juu nao hawana muda na watoto."

"Mbaruti. Nilikuogesha mimi, mama yako alipokuwa na homa ya uzazi. Kwa mikono hii. Mpe mtoto pampu, basi. Pampu tu. Uji kaa nao."

Sajenti akaitazama ile pampu kwenye kiganja cha Mama. Kwa kitambo kidogo uso wake ukawa wa mtoto wa Bi Kidawa. Halafu akatazama kamera mpya ya usalama juu ya mlango, na uso ukarudi kuwa wa serikali.

"Pampu ya Chini haiwezi kuingia kwa mahabusu wa Juu. Ikikutwa, mimi ndiye nitavaa njano." Akavuta chupa ya uji. "Uji naupokea. Kwa ajili ya kujenga imani."

Wakatoka. Mama hakulia. Alikaa kwenye ngazi ya kituo, akafungua mtandio, akaufunga, akaufungua tena.

Sikudhani ni msichana mwenye aibu mpaka darasani akiulizwa jina anaangalia dawati. Hajawahi kubishana na mtu mzima. Lakini pale ngazini aliichukua ile pampu kutoka mkononi mwa mama yake, akaitia kwenye mfuko wa sketi.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwenye ngonjera."

Sherehe ilikuwa uwanja wa mpira. Maduka yote ya Chini yalifungwa kwa amri, duka la dawa likiwemo, ili watu wahudhurie kwa hiari. Waliohudhuria kwa hiari wakazungushiwa kamba, na kwenye kona za kamba kukawa na mbwa. Juu ya jukwaa kulikuwa na viti vyenye vitambaa, chupa za maji, na wafadhili waliokuwa wamevaa kanga za sherehe shingoni.

Mwalimu Nyangeta, mwalimu wa Kiswahili, alimdaka Sikudhani nyuma ya jukwaa, akampa shada la maua. "Ulikuwa wapi, mwanangu? Kamanda wa polisi ameulizia mara mbili. Wakimaliza kupita mahabusu unapanda, unasoma, unapiga goti, unampa Waziri maua, unashuka. Usiangalie watu. Angalia viatu vyake."

"Mwalimu, kwa nini mimi? Mwanaharusi wa darasani kwetu si ndiye anajua kughani?"

Mwalimu akamrekebishia kola. "Waliomba mtoto wa Chini asiye na sauti kubwa," akasema.

Bendi ikapiga. Mahabusu wakapitishwa mbele ya jukwaa wakiwa kwenye mistari minne yenye rangi nzuri. Njano wakapita, kijani wakapita, nyeupe wakapita. Wafadhili wakapiga makofi. Zilipotokea zambarau, mfadhili mmoja mwanamke alisimama kabisa kwa furaha. Mahabusu wa Juu! Wako wengi sawasawa na wengine! Walikuwa peku, wengine wana tope la bondeni mpaka magotini, lakini skafu zilikuwa zimepigwa pasi.

Wa tatu alikuwa Kibwana. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka kama ya mtu anayebeba gunia lisiloonekana. Midomo imeanza kuwa ya majivu. Akamwona dada yake karibu na ngazi ya jukwaa, akagusa kifua chake kwa kidole, mara moja. Hiyo ndiyo ishara yao tangu wadogo. Maana yake: lete.

"Na sasa," mshereheshaji akanguruma, "ngonjera kutoka kwa watoto wetu wa Chini!"

Sikudhani akapanda. Kipaza sauti kilikuwa kirefu kuliko yeye, askari mmoja akakiinamisha. Akaangalia viatu vya Waziri, vyenye kung'aa mpaka akajiona uso wake ndani. Akaanza.

"Polisi ni ndugu zetu, twawapenda kama dawa,
Wakimpiga mwenzetu, ni upendo tunapewa,
Wakija usiku kwetu, milango yapanuliwa,
Enyi jeshi la amani, twaomba kukumbatiwa!"

Vigelegele, vya jukwaani. Nyuma ya kamba watu walikuwa wanatazama mbwa.

Hapo ndipo pa kupiga goti. Sikudhani akapiga goti. Sasa desturi ya nchi hii ni kwamba mtoto wa ngonjera akipiga goti, mgeni rasmi lazima apokee alichonacho mkononi, hata kama ni kuku mgonjwa wa kideri, na lazima aseme neno mbele ya watu. Wengi wamepata madawati kwa njia hiyo, na kijiji kimoja kiliwahi kupata daraja, ingawa mto haukuwepo. Sikudhani aliijua hiyo desturi. Aliitegemea hiyo tu. Akaliweka shada la maua chini kwenye mbao, akaingiza mkono mfukoni, akanyoosha pampu.

"Mheshimiwa," akasema, na sauti ilikuwa ya mbu, lakini kipaza sauti kilikuwa kimeinama vizuri na uwanja mzima ukasikia. "Hii ni ya kaka yangu. Ni ya kupumulia. Yuko pale kwenye zambarau. Naomba apewe sasa hivi."

Kibwana akatoka kwenye mstari hatua moja. Askari akamrudisha.

Waziri akaipokea pampu kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka. Akaigeuza. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Huko Juu mtu akikosa hewa anapelekwa ng'ambo kwa ndege. Akamwangalia Kamanda, Kamanda akamwangalia msaidizi, msaidizi akaangalia wafadhili, na wafadhili walikuwa wanasubiri tafsiri. Mkalimani, kijana mwenye hofu zake, akachagua maneno mazuri kuliko yote aliyosikia. Akawaambia: watoto wa Chini wanatoa pumzi yao.

Yule mfadhili mwanamke akaweka mkono kifuani. Machozi yakamtoka.

Waziri alipoona machozi akaelewa kila kitu. Akainua pampu juu ya kichwa. "Ndugu wananchi! Nimepokea zawadi nyingi katika utumishi wangu. Nimepewa mbuzi, nimepewa mikuki, nimepewa eka. Lakini leo, wananchi wa Chini, nyinyi mlioonewa, nyinyi mliosahaulika, mmelipatia jeshi letu kitu kikubwa kuliko vyote. Mmetupa pumzi yenu! Nami, kwa niaba ya jeshi la polisi, naipokea pumzi yenu, na ninaahidi mbele ya wadau wote kwamba hatutairudisha kamwe!"

Makofi. Bendi. Njiwa wakarushwa, wakakataa kuruka, wakarushwa tena.

"Mheshimiwa, hapana," Sikudhani akasema. "Siyo zawadi. Siyo zawadi, ni dawa." Lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshainuliwa kwenda kwa mtu mrefu. Akajaribu kuishika ile pampu. Askari akamshika yeye mkono, kwa upole wa semina, akamwambia "pole" kwa lugha ya kwao, kwa matamshi mazuri kabisa, akamshusha ngazi.

Nyuma ya kamba sauti moja ya mwanamke ilipasuka. "Mrudishieni mwanangu! Mrudishieni!" Mbwa wakasimama. Mshereheshaji akasema huyo ni mama wa Chini aliyezidiwa na furaha.

Mahabusu wakageuzwa, wakarudishwa kwenye karandinga kwa rangi. Zambarau walipanda wa mwisho, kwa heshima. Kibwana alipandishwa kwa kusukumwa mgongoni, ameshika kingo za mlango kwa mikono miwili, mdomo wazi kama samaki. Alikuwa anaangalia jukwaani, mahali ambapo Waziri alikuwa anapigwa picha na pampu.

Kabla ya kufunga sherehe, Waziri alizindua Namba ya Kuaminiana. Mwananchi yeyote wa kabila lolote, mwenye shida yoyote na polisi, atume ujumbe na atajibiwa. Namba ilikuwa kubwa kwenye bango, ubavuni mwa uwanja, na chini yake imeandikwa TUNAKUSIKIA.

Sikudhani na mama yake walikimbia kituoni kwa miguu. Walikuta mlango umefungwa. Sajenti Mbaruti alikuwa amesimama nje, chupa ya uji tupu iko miguuni kwake.

"Fungua, Mbaruti."

"Kituo kimefungwa, mama. Leo ni siku ya imani."

"Kibwana anaendeleaje?"

Mbaruti akainama, akaokota chupa, akampa Mama kwa mikono miwili, kama mtoto aliyelelewa vizuri.

"Na pampu?" Sikudhani akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza afande kitu. "Iko wapi?"

"Makao makuu. Wanaitengenezea kabati la kioo. Ni mali ya taifa sasa, mdogo wangu. Hata mimi siwezi kuigusa."

Mama akaenda kwenye ukuta wa nyuma wa kituo, upande wa mahabusu. Akaweka sikio kwenye tofali. Akaita. Akahamia tofali lingine. Akaita. Mbaruti akamwacha, na hilo ndilo jambo jema alilolifanya siku ile.

Sikudhani akakaa ngazini na simu ya mama yake, ile yenye kioo kilichopasuka kama utando wa buibui. Akaingiza Namba ya Kuaminiana. Ikatokea picha yake: Waziri anatabasamu, pampu ya bluu ya Kibwana ameiweka mdomoni kama filimbi.

Akaandika ujumbe mrefu wenye matusi ambayo hakujua kama anayajua. Akaufuta. Akaandika mwingine wenye tafadhali nyingi. Akaufuta na huo, huo ndio uliomtia hasira zaidi. Mwisho akaandika:

"Shikamooni. Mimi ni yule mtoto wa ngonjera. Kaka yangu ni Kibwana, mliyemvalisha zambarau. Yuko kituo cha Chini. Siombi mmwachie. Siombi tena pampu. Nauliza tu, anapumua?"

Akatuma. Tiki moja. Tiki mbili. Nyuma ya kituo Mama alikuwa bado anaita, tofali moja moja.

Tiki zikawa bluu. Juu ya picha ya Waziri pakaandikwa: anaandika. Sikudhani akashika simu kwa mikono yote. Anaandika. Anaandika. Halafu lile neno likapotea, na halikurudi.

Mama akatokea kwenye kona ya ukuta, shavu lake lina vumbi jekundu la tofali.

"Wamejibu?"

"Wamesoma, Mama."